Ua gani la kutambaa linaziba fensi haraka?

Wa_Goba: Habarini wadau. Nimehamia kwangu, nyumba haijaisha lakini kodi imenichosha bora tubanane humuhumu 😅. Mbele nimezungusha wavu wa waya, sasa kila anayepita anaona mpaka mboga tunayokula, na jua la saa tisa linapiga barazani si mchezo. Ukuta wa tofali hela yake bado. Nataka ua la kutambaa linalokua chap na lisilodeka, maana maji huku yanatoka yakijisikia. Bogenvilia sitaki, nina mtoto ndo anaanza kutembea na ile miba naijua.

mama_miche: Chukua antigononi dada/kaka. Ni lile la pinki, majani kama moyo, maua madogo madogo yananing'inia vishada. Ukifika kwa wauza miche we waoneshe picha tu, jina wengi hawana habari nalo. Asili yake Meksiko, so jua la Dar halilitishi, na linashika wavu lenyewe kwa vikono vyake huhangaiki na kufungafunga kamba. Mwanzo limwagilie likishashika basi. Ila masika likikolea unaligeuzia mgongo kidogo tu unalikuta kwenye waya wa umeme, na chini linaweka viazi, ukilikata usawa wa ardhi linarudi tena. Siku ukilichoka ni jembe sio panga.

Kibarazani: mama_miche umemficha habari ya nyuki 😂 antigononi ikichanua asubuhi fensi nzima inavuma, na mtoto mdogo hapo hapo? Mi napendelea kombretamu, linafunguka jioni jeupe, kesho pinki, kisha jekundu, unakuta kishada kimoja kina rangi zote na harufu yake usiku we acha tu

mama_miche: @Kibarazani hujalishika shina lake lililokomaa. Jani likidondoka kikonyo kinabaki pale, kinakauka kinakuwa kigumu na kikali, ni miba tu. Nyuki hata kombretamu wanalifuata.

fundi_wa_mtaa: Mnaongelea maua, nguzo je?? Wa_Goba hizo nguzo ni chuma au mirunda? Maana yakishajaa majani, mvua ikanyesha na upepo juu, uzito wake sio wa kitoto na mirunda iliyochimbiwa bila zege inalala yote na wavu wake

Wa_Goba: Mirunda mkuu 😩 zege kwenye zile za kona tu. Vipi nikiweka pesheni, si inaziba na juisi napata?

mama_miche: Pesheni sawa, ila tafuta ya njano, ile ya zambarau inapenda baridi, ya Lushoto huko. Inataka maji kuliko antigononi lakini. Mi ningekwambia pesheni upande wa barazani, antigononi kule kona ya barabarani mbali na mlango, nyuki wahangaike na wapita njia.

fundi_wa_mtaa: Na zege kwanza.