Idara ya hisabati isiyofundisha "kwa nini" ipo kwa kazi gani?

Assalaam alaykum wana jukwaa. Mods nawaombeni uzi huu msiuunganishe na ule wa ajira za walimu, haya ni mengine kabisa.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, skuli ya sekondari hapa Pemba. Kila mwaka naletewa vijana wa mazoezi ya kufundisha kutoka chuo kimoja, jina naliacha. Vijana wana adabu, wanawahi vipindi, maandalio yao yamepangika. Lakini hisabati hawana, na hawana kwa sababu idara iliyowasomesha haikuwapa.

Juzi kijana wa mwaka wa tatu anafundisha nambari hasi, Kidato cha Kwanza. Mtoto mmoja wa kike kanyosha mkono: "Mwalimu, kwa nini hasi mara hasi inakuwa chanya?" Akajibiwa: "Hiyo ni kanuni, iandikeni." Mtoto kauliza tena, kaambiwa anawapotezea wenzake muda. Mimi nimekaa nyuma na fomu ya tathmini mapajani, damu inanichemka.

Na jawabu lenyewe fupi! Chukua 4 na -4, jumla yake sifuri. Zidisha jumla hiyo kwa -3, bado ni sifuri. Sasa ifungue: -3 mara 4 ni -12, ujumlishe na -3 mara -4. Ili yote yarudi kuwa sifuri, hiyo -3 mara -4 lazima iwe 12. Basi. Mtoto wa Kidato cha Kwanza anafahamu, tena anatoka darasani kifua mbele.

Baada ya kipindi nikamuuliza kijana, chuoni hamkupitishwa hapa? Akanitolea kitini, fotokopi ya fotokopi, hata mabano hayasomeki. Kila penye teoremu, yaani kauli ya hisabati inayotakiwa kuthibitishwa, chini yake imeandikwa kwamba uthibitisho umeachwa. Teoremu ya thamani ya wastani, umeachwa. Kikomo cha jumla ya fanksheni mbili, umeachwa. Anasema mhadhiri akiulizwa hujibu kwamba hayo hayatoki kwenye mtihani. Na mtihani wenyewe ni wa mwaka juzi, zimebadilishwa namba tu.

Sasa kasomeni madhumuni ya idara hiyo: kukuza fikra za kimantiki, kufanya utafiti, kuitumikia jamii. Fikra gani za kimantiki, ikiwa mwanafunzi anamaliza miaka mitatu hajaandika hata uthibitisho mmoja kwa mkono wake? Mwalimu wa kemia ana maabara, akibishiwa anawasha moto na kila mtu anaona. Sisi tuna uthibitisho tu, tangu zama za Euklidi, yule Mgiriki wa jiometri, zaidi ya miaka 2,000. Ukiuondoa, umebaki unasomesha watu kukariri.

Na hiyo kuitumikia jamii ndiyo inayonitia hasira zaidi. Mwanahisabati Al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha aljebra Baghdad, karne ya 9, na fungu kubwa la kitabu kile ni hesabu za wasia na mirathi. Sisi hapa faraidhi, yaani elimu ya kugawa mirathi ya Kiislamu, inasomwa madrasa. Mtu kafa kaacha mke, mabinti wawili, mama na baba. Mke thumuni (1/8), mabinti thuluthi mbili (2/3), wazazi kila mmoja sudusi (1/6). Jumlisheni: 27/24! Mafungu yamezidi mali. Masheikh hupandisha asili ya mgao, yaani idadi ya mafungu, kutoka 24 hadi 27, mke akatoka na 3/27, yaani 1/9, na kila mrithi akapunguka kwa uwiano ule ule. Hapo pana sehemu, uwiano, na swali zito la nini hufanywa kanuni zikigongana. Vijana wote niliowauliza, hakuna aliyewahi kuliona hili katika idara ya hisabati, na wao ni watoto wa visiwa hivi hivi.

Maji ya bahari nayo vile vile. Kina mama wa mwani hupanga kazi zao kwa bamvua (maji yanapojaa na kutoka sana) na maji mafu (yanapopanda na kushuka kidogo). Majedwali ya maji hutengenezwa kwa kujumlisha mawimbi ya kosaini, kubwa lao likiwa la mvuto wa mwezi wa angani, linalojirudia kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi. Kosaini zile zile wanazokaririshwa watoto bila kuambiwa za nini.

Wapo watakaosema idara kazi yake ni kutoa walimu na kuzihudumia idara za uhasibu na kompyuta. Haya, walimu wenyewe ndio hawa. Na mwaka 2023 IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, imefungua kampasi hapa Zanzibar, ikaanza na sayansi ya data na akili bandia, fani zinazosimama juu ya matriki na nadharia ya uwezekano. Mtoto aliyeambiwa "iandikeni" ataingilia mlango gani?

Wahadhiri siwatupii lawama zote. Najua mtu mmoja hupewa darasa la mamia, hata kusahihisha hawezi. Lakini kuweka swali moja la uthibitisho katika kila mtihani hakuhitaji bajeti. Kuviandika upya vitini hakuhitaji mfadhili.

Mlioko ndani ya idara najua humu mnapita. Nijibuni hapa hapa: mwanafunzi wenu anatakiwa aweze kuthibitisha teoremu zipi kabla hamjamvisha joho? Zitajeni.