Natumia dawa za sonona, usiku silali kabisa, wadau nisaidieni mawazo

BintiKisasa
Habari zenu wadau, naandika hii saa nane na robo usiku na sina hata dalili ya kusinzia. Naombeni ushauri ila msinitukane.

Mimi ni mwanamke miaka 36, nipo Dodoma hapa Kisasa, nilihamia na ofisi kutoka Dar, mume na watoto wakabaki kule kwa ajili ya shule. Mwaka huu nikaanza kuwa wa ajabu, chakula hakipandi, nalia bila sababu, kazini Mtumba nakodolea kompyuta tu mpaka basi la wafanyakazi lije kutubeba. Nikaenda hospitali daktari akasema ni sonona, akanianzishia fluoksetini miligramu 20 moja kwa siku. Leo siku ya 19 na kusema ukweli kulia kumepungua.

Shida ni usingizi. Napanda kitandani saa nne, saa saba macho makavu, upepo wa huku mnaujua, kwa jirani kuna bati limelegea linagonga ko ko ko mpaka nimelizoea mapigo yake, malori ya barabara ya Dar nayahesabu. Kupitiwa ni saa kumi hivi halafu naota vitu havieleweki, juzi nilikuwa nachambua mchele ungo mzima mawe matupu, nikaamka shuka limelowa jasho. Saa kumi na mbili alamu.

Dada mmoja ofisini kasema niache hizo dawa zitaniharibu ubongo. Mama yangu Kondoa yeye alipewa amitriptilini kwa ajili ya miguu kuwaka moto, anasema zinamlaza kama gogo, kanitumia nusu paketi kwenye basi. Ninywe? Au niache zote? Naomba kuwasilisha.

MchomaMahindi
Achana na madawa dada, hiyo sonona bibi zetu walikuwa hawaijui. Upo Dodoma kwenye zabibu, jioni glasi mbili za mvinyo unalala kama mtoto mchanga.

Mwana_Majengo
Mkuu hapo juu acha kupotosha watu. Mimi huo mvinyo nilikuwa naunywa hivyo hivyo, unalala saa tatu vizuri tu halafu saa nane umeamka moyo unadunda, asubuhi huzuni imezidi ya jana. Na bibi zetu walikuwa wanaijua sana, walikuwa wanasema tu fulani kabadilika.

Mtoa mada usiache ghafla. Mimi niliacha ya kwangu (sio hiyo yako) siku ya tatu kichwani nikawa kama napigwa shoti za umeme kila nikigeuza shingo. Kama daktari wako yuko mbali nenda kliniki pale Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, najua jina linatisha, mtu akikuona getini tu mtaani wameshakutangaza. Mimi siku ya kwanza nilijifunika mtandio mpaka puani, wa kwanza kukutana naye kwenye benchi ni mwalimu wangu wa sekondari. Tukasalimiana kama tupo soko la Majengo tunanunua nyanya.

Nesi_Chamwino
Dada pole. Hiyo fluoksetini unainywa saa ngapi?

BintiKisasa
Saa tatu usiku baada ya kula, nashushia na chai ya rangi. Kwenye cheti wameandika 1x1 tu, dirishani foleni ilikuwa ndefu na mhudumu kanuna nikaona aibu kuuliza. Mimi nikajua dawa za kichwa zote ni za usiku.

Nesi_Chamwino
Basi tuanzie hapo. Fluoksetini kwa watu wengi inachangamsha, ndio maana kwa kawaida inanywewa asubuhi. Amitriptilini ndio ya usiku maana yenyewe inalewesha usingizi. Hata hivyo usihame kimya kimya, asubuhi mpigie aliyekuandikia umwambie umekuwa ukiinywa usiku na huwezi kulala, akuambie unahamaje. Hii dawa inakaa mwilini siku nyingi hivyo usitegemee mabadiliko usiku huo huo, jipe wiki moja na zaidi.

Za mama HAPANA, nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Fluoksetini inazuia ini kuivunja amitriptilini, kwa hiyo kidonge kimoja mwilini mwako kinaweza kuwa kama viwili vitatu, na ikizidi inagusa moyo. Valium za duka la dawa nazo hivyo hivyo, usijiandikie mwenyewe, zinazoeleka haraka na kuziacha ni kazi.

Chai ya rangi saa tatu nayo ina kafeini, sogeza iwe ya saa kumi jioni. Halafu kuamka alfajiri ni tabia ya sonona yenyewe pia, usiilaumu dawa peke yake. Ila ukiona hulali na huchoki, una nguvu za ajabu, unaongea bila kituo, unatumia hela hovyo, au yakikujia mawazo ya kujidhuru, hapo usisubiri miadi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

DerevaBajaji_AreaC
Mimi kilichonisaidia ni kuacha kupigana na kitanda. Nikiona nusu saa imepita natoka, nakaa kwenye stuli jikoni, taa sio kali, redio chini kabisa, simu naiacha chumbani. Usingizi ukija ndio narudi. Na kuamka saa ile ile hata Jumapili. Wewe Jumamosi unalala mpaka saa ngapi?

BintiKisasa
Mpaka saa saba mchana 😭

DerevaBajaji_AreaC
Sasa hapo Jumapili usiku usingizi utoke wapi dada yangu. Na hilo bati la jirani mpelekee msumari na nyundo.

BintiKisasa
MREJESHO, siku ya 12 tangu niandike. Asanteni sana. Daktari nilimpigia akacheka kidogo, akasema kosa ni lao hawakunieleza, nimehamia asubuhi na uji. Siku nne za kwanza hakuna kitu nikataka kuja kuwalaumu hapa. Sasa hivi saa sita kasoro nimeshalala, naamka mara moja kama saa kumi kisha narudi. Ndoto bado zipo. Jumamosi naamka saa moja kwa shida namsema dereva bajaji kimoyomoyo. Vidonge vya mama nimemrudishia kwa basi lile lile, kanuna anasema nimedharau. Tarehe 14 narudi kwa daktari.

Bati bado linagonga. Jirani anasema fundi anakuja Jumamosi, na hii ni Jumamosi ya tatu.