Masika na korona: mitaro tunaizibuaje bila kukusanyana?

Katibu_Bondeni (Aprili 2020)
Habari zenu wakuu. Nipo kamati ya mtaa huku Kigogo, Dar, pua na mdomo na Mto Msimbazi. Miaka yote masika yakikaribia tunapitisha kipaza sauti, Jumamosi watu wanatoka na machepeo, mitaro inazibuliwa. Mwaka huu, tangu shule zifungwe Machi, mwenyekiti hataki kusikia habari ya kukusanya watu, na namwelewa. Ila mvua nayo haijaambiwa kuna korona. Mtaro mkubwa umejaa pampasi na chupa za maji mpaka juu. Wenzangu wa mabondeni mnafanyaje?

Chepeo
Rusha tangazo kwenye grupu la WhatsApp, kila mtu asafishe kwake. Kwisha habari.

Mama_Mkwajuni
Chepeo mwanangu, haijaisha. Grupu la kwetu limejaa wapangaji na vijana. Walio ukingoni kabisa ni wazee wenye vitochi, visimu visivyo na WhatsApp, hilo tangazo watalisikia kwa nani?

Katibu, sisi Mkwajuni tumegawa mtaro kwa rangi. Mjumbe kapita na kopo, kachora alama ukutani: kuanzia hapa hadi pale ni nyumba fulani, na siku yao ni hii. Nyumba mbili zilizopakana hazitoki pamoja. Machepeo ni yaleyale matatu ya mtaa, kwa hiyo kila anayerudisha anaosha mpini kwa sabuni mbele ya mjumbe. Barakoa za vitambaa tumeshonewa hapahapa.

Tope ndiyo shughuli. Ukilirundika ukingoni, mvua moja tu linarudi lilikotoka. Tumechangishana tukakodi guta la kulipeleka dampo, na hapo ndipo utawajua majirani zako! Mwenye ghorofa ndiye wa mwisho kutoa.

Halafu kuna wanaotapisha vyoo mvua ikinyesha. Tunahimizwa kunawa mikono, huku kinyesi cha jirani kinapita mlangoni. Mjumbe kawafuata mmoja mmoja, usiku, bila kuwatangaza. Wawili wameita gari la kunyonya. Wa tatu kanuna mpaka leo.

Na msiangalie wingu la kwenu tu. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, Kisarawe huko. Mjini jua linawaka, mto unapanda. Nina shoga yangu Pugu, ikimwagika kwake ananipigia, nami nawapigia wa vitochi.

Mdau wa Ramani
Shikamoo mama. Katibu, kabla hujanunua rangi, tafuta ramani za Ramani Huria. Tangu 2015 wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe wamekuwa wakichora mitaa ya Dar, na mitaro na nyumba, zikawekwa OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni, bure. Chapisha karatasi kubwa, mgawane vipande hapo. Lakini kaihakiki kwa miguu, watu wanajenga juu ya mitaro kila siku.

Katibu_Bondeni
Shikamoo mama, asante sana. Na maji yakizidi nguvu? Zamani tulikimbilia madarasani.

Mama_Mkwajuni
Marahaba. Madarasa yapo matupu sasa, ila kulaza familia nyingi chumba kimoja wakati huu mimi sishauri. Desemba 2011 watu walipanda juu ya mabati, kisha wakabanana mashuleni, kikohozi cha mmoja kilikuwa cha wote. Safari hii kila nyumba ya chini tumeiunganisha na nyumba moja ya juu, wamekubaliana mapema. Vyeti, kadi za kliniki na dawa za sukari viko kwenye ndoo yenye mfuniko, nyingine zimeshatangulia kwa mwenyeji.

Katibu_Bondeni
Nina bibi mmoja anaishi peke yake, mtaro wake mita kama kumi. Nani amfanyie?

Mama_Mkwajuni
Wape bodaboda wa kijiweni kwenu. Sisi tuliwapikia ubwabwa na maharage, wakamaliza kabla ya adhuhuri. Ila chakula wafungie kila mtu na chake, sinia moja tuache kwanza.