Mlo wa sahani ndogondogo Cape Town: waliowahi kula naomba muongozo

Fundi_Mwenge

Wakuu habarini. Mwezi wa tisa mke wangu ana mkutano wa kikazi Cape Town, nami nafuatana naye, na mkutano ukiisha tutabaki kidogo kutembea. Bosi wake amemwambia asirudi bila kula kwenye ile migahawa ambayo mteja hachagui chakula. Unakaa, mpishi analeta sahani ndogondogo moja baada ya nyingine mpaka amalize aliyopanga, na unalipa bei moja kwa kichwa.

Nimeangalia picha. Sahani pana, katikati kipande cha ukubwa wa kidole gumba na jani juu yake. Bei kwa watu wawili ni ya kukaa na kufikiri. Je, mtu anashiba? Sisi ni Waislamu, nyama isiyochinjwa hatuli na pombe hatutumii, tutabaki na nini? Nguo je? Aliyekwenda aseme wazi kama inafaa au haifai. Mimi kula napenda, Jumamosi asubuhi hunikosi Feri natafuta samaki, kwa hiyo siulizi kwa ubahili. Nataka kujua ninachokwenda kukilipia.

Mzee_wa_Kigamboni

Mkuu, mimi nasema usiende. Chakula ni cha kushiba na kula na watu. Hela hiyo unawapeleka wanao wote Coco Beach, mishikaki, mihogo, madafu, na chenji inabaki. Mtu kukuwekea jani moja na kukuhadithia habari zake nusu saa, sioni faida yake. Cape Town nendeni mkapande Table Mountain, jioni tafuteni samaki wa kukaanga na chipsi.

Mpishi_wa_Shughuli

Mdogo wangu Fundi, mimi ni mpishi wa shughuli hapa Magomeni. Harusi, maulidi, hitima, sufuria kubwa za pilau ndiyo kazi yangu. Binti yangu anafanya kazi Cape Town, na nilipokwenda kumtembelea alinipeleka Wolfgat. Nitakueleza hiyo kwa kuwa ndiyo niliyoila.

Iko Paternoster, kijiji cha wavuvi pwani ya magharibi, kama kilomita 150 kaskazini mwa Cape Town, karibu saa mbili kwa gari. Ni kinyumba cheupe cha zamani, umri wake unapita miaka 100, kimekaa juu ya ufukwe. Wanapokea watu 20 tu. Mpishi wake, Kobus van der Merwe, alikifungua 2016, na mwaka 2019 kikatangazwa Paris kuwa mgahawa bora wa mwaka kwenye World Restaurant Awards. Wengi wanaofanya kazi mle ni wanawake wa hapohapo pwani, na hilo mimi lilinigusa kabla sijaonja kitu.

Sasa chakula. Pwani ile wana kitu wanaita bokkom. Ni samaki wadogo wanaotiwa chumvi na kuning'inizwa wakaushwe na upepo, chakula cha wavuvi tangu zamani. Nilipoonja niliweka kijiko chini nikamtazama binti yangu. Ng'onda! Ladha ya ng'onda niliyolelewa nayo kwa bibi yangu Mafia. Tofauti ni kwamba pale kimewekwa kidogo, chembamba, na dada aliyekileta akatueleza kinakaushwaje na kwa nini upepo wa kule unakifaa. Alisimama wima akieleza, kwa fahari. Sisi huku mgeni akibisha hodi, ng'onda inarudishwa jikoni tunakimbilia kuku na soda.

Na si hiyo peke yake. Konokono wa mwambani, chaza, mwani, majani mazito yenye chumvi yanayoota mchangani nyuma ya ufukwe. Vitu vyote ambavyo mtu maskini angeviokota kwa mguu wake maji yakitoka. Kina mama wa Kigamboni kwako, Mzee, wanaokota kombe na kuchokoa pweza namna hiyohiyo, na hakuna anayewaandalia meza. Mwani wetu wa Zanzibar unalimwa kwa biashara tangu mwisho wa miaka ya 1980, wakulima wengi ni wanawake, lakini karibu wote unapandishwa meli ukiwa mkavu kwenda viwandani. Mezani kwetu haufiki. Nililia kidogo pale, sitaki kuficha, na machozi yalikuwa ya hasira pia.

Kushiba utashiba. Nilikula sahani saba, zinakuja kwa muda mrefu, na tumbo linapata nafasi ya kujua limepokea nini. Usiende na njaa ya kufuturu maana utaumalizia mkate, na mkate wao ni mzuri kweli. Angalia mpangilio. Inaanza chumvi na uchachu, vyepesi, mdomo unaamka. Samaki mzito anafuata, utamu unakuja mwisho. Mimi kwenye sinia naweka pilau, nyama, kachumbari na ndizi kwa pamoja, ladha zinakutana mdomoni zote kwa mara moja na ndiyo raha yake. Pale kila ladha inapewa zamu yake peke yake, hakuna ya kuisaidia, kwa hiyo mpishi akikosea hana pa kujificha. Kwa mpishi kama mimi hiyo ni shule. Mzee wa Kigamboni, mihogo ya Coco naipenda na nitaila mpaka nife, lakini kile ni kitu kingine, na kina haki yake.

Kuhusu halali, waandikie siku unayoweka nafasi, usingoje ukae mezani. Andika wazi kwamba nguruwe hapana, nyama iwe imechinjwa kihalali au isiwepo kabisa, na pombe isiingie hata kwenye mchuzi wala kwenye kitamu cha mwisho. Taja na jelatini. Sisi tuliandika hivyo na walituandalia bila shida. Kwa madhehebu yetu vya baharini ni halali, kwa hiyo pwani ile ina mengi ya kwako.

Mwanachuo_wa_Zamani

Bi Mpishi amemaliza upande wa chakula. Mimi nilisoma Cape Town, naongeza ya kawaida tu.

Viza: Mtanzania haihitaji kwa matembezi mafupi, hadi siku 90. Nafasi: tafuta mapema sana, na wengi wanataka malipo ya awali au namba ya kadi. Usipotokea, hela imekwenda. Nguo: shati safi na suruali inatosha, tai si lazima, ila beba koti. Septemba upepo wa kule bado una baridi, na bahari yao haina uhusiano na yetu. Bakshishi asilimia 10 hadi 15. Watakuuliza kama unataka mvinyo wa kwenda na kila sahani, huo unalipiwa mbali. Uliza kama wana vinywaji visivyo na kilevi vilivyopangwa namna hiyohiyo.

Kama Paternoster ni mbali, mjini kuna FYN, ya Peter Tempelhoff, wanachanganya ufundi wa Kijapani na vyakula vya Afrika Kusini. Na kuna La Colombe, kule Constantia Nek juu mlimani. Hao wana sahani yao maarufu, jodari anayeletwa ndani ya kopo la bati kama la dukani. Unafungua mwenyewe. Mazingira yake ni msitu na mashamba ya zabibu, mkeo atapafurahia.

Fundi_Mwenge

Shikamoo Bi Mpishi, na asanteni wote. Hiyo ya ng'onda nimemsomea mama yangu hapa, amenyamaza kwanza halafu akasema nikuulize bibi yako ni wa upande gani Mafia.

Nilikuwa nimeshaamua Wolfgat. Ila mke wangu ana aleji ya vitu vya gamba. Kamba hata mmoja uso unavimba. Samaki wa kawaida anakula bila tatizo. Bado inawezekana?

Mpishi_wa_Shughuli

Marahaba mwanangu. Mwambie mama ni Jibondo, tutatafutana.

Kwa aleji hiyo, Wolfgat iacheni. Wanaweza kukubali kumtolea, lakini jiko ambalo kazi yake ni chaza na kome, kisu na ubao vyote vimeshagusa. Sitamshauri mtu ahatarishe roho kwa ajili ya chakula, hata kile. Nendeni La Colombe aliyoitaja mwanachuo. Binti yangu anasema wana na mpangilio mzima wa mboga, sahani baada ya sahani, kwa hiyo hatabaki anakutazama ukila. Waandikieni aleji kwenye mstari wa kwanza, ya halali iwe mstari wa pili.

Pwani ya magharibi msiiache hata hivyo. Kodini gari, wanaendesha kushoto kama sisi, na Septemba maua ya porini yanakuwa yamefunguka njia nzima. Piteni Paternoster mtazame bahari, halafu endeleeni hadi Velddrif, kwenye barabara inaitwa Bokkomlaan kando ya mto Berg. Huko ndiko wanakokaushia bokkom, mtaziona zimening'inizwa na mtaonja palepale kwa hela ndogo.

Na siku ya La Colombe, shemeji akishakaa amrudie mhudumu kwa mdomo wake kuhusu gamba. Aliyesoma barua yenu si lazima awe ndiye aliye jikoni usiku huo.