Wauza masanduku ya mizigo ya kwadi: acheni kutuuzia lita, andikeni kilo

#1
Wakuu, huu ni uzi wa malalamiko na sitaulainisha.

Kila tangazo la sanduku la mizigo la kwadi, yaani pikipiki ya matairi manne, linaanza na lita. Lita 80, lita 120, lita 150, na picha ya sanduku limefungwa keria ya nyuma likiwa limejaa hadi mfuniko. Tafuta uzito wa sanduku likiwa tupu, haupo. Tafuta uzito linaoruhusiwa kubeba, haupo. Unene wa plastiki haupo, wala kipimo cha bomba ambalo klampu zake zinalishika. Halafu mwishoni wanaandika "linafaa pikipiki zote". Ni uongo, na ni uongo unaopasua keria na kupindua watu.

Keria ndiyo inayoamua unabeba nini, siyo sanduku. Keria nyingi za mbele zimewekewa kikomo cha kati ya kilo 30 na 55, za nyuma kati ya 60 na 110. Namba yako iko kwenye stika ya keria au madigadi, na kwenye kitabu cha pikipiki. Sasa chukua keria ya nyuma ya kilo 80. Funga sanduku gumu lenye egemeo la mgongo, ambalo tupu linaweza kufika kilo 15. Umebaki na 65. Sanduku hilo limeuzwa kwa jina la lita 120. Lijaze madumu ya maji na umeshapita kikomo mbali sana, maana lita moja ya maji ni kilo moja. Mchanga mbichi unakaribia kilo 2 kwa lita, kwa hiyo robo ya sanduku na kidogo tu imetosha kumaliza hesabu yako yote. Aliyeandika "lita 120" kwa herufi kubwa anajua hili. Anajua pia kwamba mnunuzi akiona nafasi ataijaza.

Na kikomo cha keria siyo kikomo cha pikipiki. Kuna namba ya pili, ya mzigo wote, na ndani yake yumo dereva. Mfano: pikipiki inaruhusiwa kilo 220. Dereva 85, mavazi na kofia 5, winchi na bampa 25, masanduku mawili matupu 22. Hiyo ni 137 kabla hujaweka hata spana moja. Zimebaki 83 kwa mbele na nyuma kwa pamoja. Ukivuta trela, uzito unaokandamiza ndoano nao unaingia humo humo, na kwa baadhi ya pikipiki unahesabiwa pamoja na keria ya nyuma. Ni tangazo gani la sanduku linalomwambia mtu hivyo?

Kuna na suala la mzigo unakaa wapi. Sanduku refu la nyuma linaloning'inia kupita ukingo wa keria linaweka uzito nyuma ya ekseli, na hapo unafanya kazi kama mtaimbo: kila kilo inayokandamiza nyuma inapunguza uzito kwenye matairi ya mbele. Tambarare hutahisi kitu. Panda mlima, usukani unakuwa mwepesi, unakata kona na pikipiki inaendelea kwenda moja kwa moja, na mteremko ukizidi mbele inanyanyuka. Kwa hiyo kati ya sanduku fupi linalokaa karibu na kiti na lile refu lenye lita 40 zaidi, chukua fupi. Vitu vizito viwe chini kabisa upande wa kiti, vyepesi juu. Ukishapakia, soma kitabu upandishe kola za springi za shokapu za nyuma (zile pete zinazokaza springi) na upime upepo wa tairi kwa geji ya shinikizo dogo. Kwadi nyingi hutumia upepo mdogo sana, mara nyingi karibu psi 5, na geji ya gari haiwezi kusoma hapo kwa usahihi.

Nataka wauzaji waandike mambo manne: uzito wa sanduku tupu, kilo linazobeba, kipenyo cha bomba, unene wa plastiki. Ni mistari minne tu. Kama hawawezi, tusinunue.

#2
Umesema kweli mkuu, ila umeacha kinachoudhi zaidi: sanduku linaziba nini.

Kwadi nyingi kichujio cha hewa kiko chini ya kiti, na kiti kinafunguka kwa kuvuta wenzo ulio nyuma, kisha unakinyanyua na kukirudisha nyuma kidogo ili ndimi zake za mbele zitoke. Funga sanduku lenye egemeo linalogusa kiti, na ile nafasi ya kurudi nyuma haipo tena. Kiti hakitoki. Ili usafishe kichujio ufungue bolti nne za sanduku zima. Mtu anavumilia mara ya kwanza, ya pili anaacha, na injini inakula vumbi.

Mbele ni vile vile. Angalia mfuniko wa tangi la mafuta, sehemu ya kuongezea maji ya rejeta, betri na fyuzi kama viko chini ya keria ya mbele. Kwa pikipiki zilizohamishiwa rejeta juu ya keria ya mbele ili isizibwe na tope, sanduku la mbele ni marufuku kabisa, utachemsha injini. Usizibe taa. Nyuma, kagua bomba la moshi linatokea wapi. Sanduku likishuka karibu na mafla, plastiki inalainika na kujikunja hata kama haijagusa, na begi la kitambaa linaungua.

Kabla hujatoa hela, pima hivi. Chukua urefu na upana wa kitako cha sanduku, ukate kadibodi ya kipimo hicho, uilaze kwenye keria pale sanduku litakapokaa. Ongeza kadibodi ya pili iliyosimama kwa kimo cha sanduku. Zungusha usukani hadi mwisho kushoto, hadi mwisho kulia. Vuta wenzo wa kiti. Fungua tangi. Kaa, simama juu ya vikanyagio, egemea nyuma kama unayeteremka mlima. Kadibodi ikiguswa popote, sanduku hilo halikufai, muuzaji aseme atakachosema.

#3
Mimi niongelee ufungaji, maana hapo ndipo pesa za watu zinapotea.

Kwanza hiyo "linafaa pikipiki zote". Keria za bomba la duara zinashikwa na yubolti (bolti zenye umbo la U), na mabomba mengi ni ya kati ya milimita 19 na 25. Yubolti pana kuliko bomba inacheza hata ukiikaza hadi nyuzi zilie. Watengenezaji wa kwadi wana mifumo yao ya kufungia: Can-Am wana LinQ, Polaris wana Lock & Ride, na hizo zinataka vishikio vyake maalumu. Keria za plastiki bapa hazina bomba la kushikwa na yubolti. Kwa hiyo leta aina, modeli na mwaka wa pikipiki, na muuzaji akikwambia "utaona tu mbele ya safari", ondoka.

Pili, karibu kila pakiti ya bolti inayokuja na sanduku ni ya hovyo. Washa ndogo, nati za kawaida, chuma kinachoshika kutu msimu mmoja. Tazama tundu la sanduku lililofungwa hivyo baada ya muda kwenye njia mbovu: lilikuwa duara, sasa ni yai, pembeni plastiki imekuwa nyeupe, na kutoka kwenye ule weupe kuna ufa mwembamba kama unywele unaoelekea kona. Ufa huo haurudi. Sanduku limeisha.

Sababu mbili. Mtikisiko unaifanya bolti isage plastiki. Na joto: polithini, plastiki ya masanduku mengi, inatanuka sana, sanduku la urefu wa mita moja linaweza kubadilika milimita kadhaa kati ya baridi ya alfajiri na jua la mchana. Ukitoboa tundu la milimita 8 kwa bolti ya milimita 8, plastiki haina pa kwenda, inapasuka.

Fanya hivi. Bolti za milimita 8 za chuma kisichoshika kutu. Toboa milimita 10 kwa drili ya mwendo wa pole, kisha usafishe ukingo wa tundu, maana mkwaruzo mdogo ndio mbegu ya ufa. Ndani ya sanduku weka bamba la alumini la unene wa milimita 3, moja kwa kila jozi ya bolti, ili mkazo usambae. Chini yake washa ya mpira, kwa ajili ya maji na mtikisiko. Nje, kati ya sanduku na bomba, weka ukanda wa mpira mgumu. Nati ziwe zile zenye duara la nailoni ndani. Kaza hadi mpira uanze kufinyika, kisha acha. Rudia kukagua baada ya kilomita 50 za kwanza, halafu kila unapooshea pikipiki.

Usihangaike kuziba matundu kwa silikoni kwenye polithini, haishiki, inabanduka kama ngozi. Na usitumie gundi ya kufungia nyuzi za bolti karibu na sanduku la ABS (plastiki ngumu inayong'aa): inaidhoofisha plastiki hiyo na kuleta nyufa.

#4
Kuhusu hilo egemeo la mgongo. Wanaliita "kiti cha abiria" na wanapiga picha na mtoto amekaa. Hasira zangu zote ziko hapo. Pikipiki ya mtu mmoja ina stika inayokataza abiria, na sababu ni ile ile ya ekseli aliyoieleza mkuu #1, sasa na kilo za mtu mzima aliye juu, anayeyumba, asiye na pa kuweka miguu. Keria haikutengenezwa kwa hilo. Kama unataka abiria, nunua pikipiki iliyoundwa kwa watu wawili, ambayo ekseli zake zimetenganishwa zaidi. Egemeo ni la mgongo wa dereva, basi.

#5
Wakuu naomba kuuliza: sanduku gumu au begi? Na kati ya hizo plastiki ipi?

#3
Mimi #3 tena, namjibu #5. Inategemea unabeba nini. Zana, mnyororo, msumeno, kitu chochote chenye ncha: sanduku gumu. Nguo, chakula, hema: begi, maana begi ni jepesi kwa kilo nyingi na kilo hizo unazirudisha kwenye mzigo.

Plastiki: chukua polithini iliyoumbwa kwa kuzungushwa ndani ya tanuri, kuta za milimita 4 hadi 6, na iwe imechanganywa kinga ya jua. Ikigongwa inabonyea na kurudi. ABS ni ngumu, inang'aa vizuri dukani, lakini kwenye baridi kali ikipigwa na tawi inapasuka. Faida yake ni kwamba inaweza kuungwa. Polithini haikubali gundi, inataka kuchomelewa kwa joto na plastiki ya aina ile ile.

Ogopa sanduku la karatasi ya plastiki iliyopashwa moto na kuvutwa kwenye umbo. Ikivutwa inakuwa nyembamba kwenye kona, na kona ndiyo inayogonga miti. Bonyeza kona kwa kidole gumba. Ikiingia ndani kirahisi, rudisha rafuni. Kisha angalia bawaba: pini moja ndefu ya chuma kutoka upande hadi upande ni bora kuliko bawaba mbili za plastiki. Makomeo yawe ya chuma, na uulize kama funguo zinatofautiana. Kuna masanduku ambayo ufunguo mmoja unafungua yote ya aina hiyo. Kufuli la namna hiyo halimzuii mwizi.

#1
Mimi #1 tena. Naongezea kuhusu dai la matangazo kwamba sanduku "haliingizi maji". Hapa tunadanganywa mchana kweupe.

Dai lenye maana lina namba ya IP, kipimo cha kuzuia vumbi na maji. IPX4 ni kurushiwa maji tu. IP67 ni kuzuia vumbi kabisa na kuzamishwa hadi mita moja kwa dakika 30. Neno "haliingizi maji" pasipo namba halina kipimo, muuzaji anaweza kuliandika hata kwenye kapu. Wengi wanabandika ukanda wa sponji kwenye mfuniko. Sponji inanywa maji, inafinyika isirudi, na pembe ambapo ncha zake mbili zinakutana daima kuna mwanya. Tafuta mpira wa EPDM (aina ya mpira wa kiwandani unaohimili jua na maji) wenye uwazi katikati, umekaa kwenye mfereji wake, na pale ncha zake zinapoungana pawe upande wa bawaba, siyo mbele.

Na vumbi ni baya kuliko mvua. Nyuma ya pikipiki inayokimbia hewa inapungua shinikizo na kuvuta vumbi la matairi juu, na sanduku la nyuma liko katikati ya vumbi hilo. Jaribu hivi nyumbani: weka tochi inayowaka ndani, funga, subiri giza. Mwanga ukionekana popote, vumbi litapita hapo. Au paka chaki kwenye mpira, funga, fungua, uone alama ya chaki kwenye mfuniko imekatika wapi.

Kwa mabegi, sahau zipu kama unapita matope. Mchanga unajaa kwenye meno yake na kichwa cha zipu kinakatika. Chukua begi la kukunja mdomo mara tatu, kitambaa kilichopakwa plastiki ya PVC au TPU, mishono iliyochomelewa kwa joto, siyo kushonwa kwa uzi. Lifungwe kwa mikanda yenye racheti au bizimu kwenye pointi nne. Mipira yenye ndoano haifai kushikilia mzigo mzito: inanyumbulika, mzigo unatembea, na ndoano ikichomoka inaruka usoni.

#2
La mwisho kwa upande wangu, kwa wanaoweka dumu la petroli ndani ya sanduku lililofungwa, kwa sababu tangazo limeonyesha hivyo: usifanye. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama chini ya sanduku, na mle ndani mna zana za chuma zinazogongana na pengine waya wa chaja. Dumu la mafuta liwe lile lililotengenezwa kwa petroli, likae nje, wima, kwenye kishikio chake, mbali na mafla. Na ukilijaza, lishushe chini kwanza. Usilijaze likiwa juu ya keria ya plastiki, umeme tuli unajikusanya bila pa kutokea na unaweza kutoa cheche.