AgCl (kloraidi ya fedha) kwenye maji ya chumvi: hesabu na kipimo havikubaliani

Swali: Ksp ya AgCl (zao la viwango vya ioni zake, Ag⁺ na Cl⁻, maji yakiwa yameshiba) ni 1.8×10⁻¹⁰, hivyo ndani ya NaCl 0.1 M natarajia umumunyifu wa 1.8×10⁻⁹ M. Kipimo kinatoa karibu 2×10⁻⁶ M. Kulikoni?

Jibu 1: Umehesabu athari ya ioni ya pamoja tu, yaani Cl⁻ iliyomo kwenye NaCl na AgCl, inayopunguza umumunyifu. Kloraidi ikizidi huungana na AgCl kuwa AgCl₂⁻, inayomumunyika. Umumunyifu hushuka hadi kloraidi ifike takriban 0.003 M, kisha hupanda tena. Vitabu vingi vya shule huliruka hili.

Jibu 2: Ukipima kloraidi kwa uzito, yaani kwa kuitenga kama mashapo ya AgCl kwa AgNO₃ (nitrati ya fedha), zidisha AgNO₃ kidogo tu. Osha mashapo kwa HNO₃ (asidi ya nitriki) 0.01 M, kwani kwa maji matupu chembe hutawanyika na kupenya chujio.

Muuliza: Mbona HNO₃ haina ioni ya pamoja?

Jibu 2: Haihitajiki hapo. Inazuia kutawanyika, kisha huvukizwa kwenye 110 °C. Chumvi kama NaNO₃ ingebaki na kuongeza uzito.