Naomba ushauri: kuzuia joto lisitoke kwenye kuta za nyumba mpya, sufu ya madini (nyuzi za mawe au kioo kilichoyeyushwa) au povu?

Habari zenu wakuu. Nakaribia kumwaga zege la msingi, na kanuni mpya za ujenzi zinataka kuta zipoteze joto kidogo kuliko nilivyochora mwanzo. Povu gumu la poliyurethani (aina ya plastiki) huzuia joto vizuri zaidi kwa unene uleule, lakini linashika moto, na hilo linaninyima usingizi kwa sababu watoto watalala ghorofani. Sufu ya madini haiungui, ila itanila nafasi ya vyumba. Halafu unyevu: mvuke wa ndani ukipenya hadi penye baridi ukutani, hugeuka maji na ukungu ukaota. Aliyewahi kujenga hivi, karatasi ya kuzuia mvuke uliiunganishaje pembeni mwa madirisha? Na hewa safi uliiingizaje bila kupoteza joto?